Kujenga Mfano wa Reli Pamoja na Nchi Yake

Katika mazungumzo haya twataka kueleza kazi ya mikono iwezayo kufanywa na wanafunzi wa shule yoyote, au na watu wa kijiji wapendao ufundi. Kazi yenyewe ni kujenga mfano mdogo wa reli juu ya meza, pamoja na stesheni, gati, nyumba, vilima na mashamba yaliyo kandokando. Hatusemi juu ya mifano inunuliwayo dukani ikiwa tayari. Twasema juu ya ile ijengwayo kwa boksi, waya, matete na nyasi, kila kipande kikikatwa kwa mkono wa mjenzi mwenyewe.

Labda mtu atauliza: Sisi watu wa Bukoba na Muleba tuna shughuli gani na reli? Hakuna reli ipitayo kati ya vijiji vyetu. Ni kweli, lakini mali zetu na wasafiri wetu wameitegemea tangu zamani. Mwezi wa Desemba 1901 reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na baadaye kahawa ya kwetu ikapelekwa kwa meli mpaka huko, kisha kwa gari moshi mpaka pwani. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ikafika Mwanza. Ndipo msafiri wa Bukoba aendaye Dar es Salaam alipoweza kupanda meli jioni, akalala ziwani, na asubuhi akaikuta reli ng'ambo. Basi mfano utufaao si wa reli peke yake. Ni wa reli inayokutana na ziwa, na upande wa pili wa ziwa iwe nchi yetu.

KWA NINI TUJENGE WENYEWE

Watu wa Ulaya walianza kazi hii zamani. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha mjini Leipzig reli za kuchezea zenye vipimo vya namna moja, hata mwenye nazo aliweza kuongeza kipande juu ya kipande mwaka hata mwaka. Baadaye ziliuzwa na nyumba za kupanga kando ya reli hizo. Nyumba hizo ni nzuri, lakini ni za kwao: paa zimeinama sana ili theluji iteleze, dohani za matofali zimesimama juu, na nyuma yake ni misonobari. Mwanafunzi wa Kamachumu akizipanga mezani, atajifunza umbo la kijiji cha Ujerumani, wala hatajifunza kukitazama kijiji chake. Bali ajengaye mwenyewe hana budi kutoka nje, kutazama, kupima, na kuwauliza wajuao. Faida hiyo yapita faida ya mchezo.

KIPIMO KIMOJA KWA VITU VYOTE

Kabla ya kukata kitu chochote, chagueni kipimo. Wajenzi wengi wa nchi za nje hutumia kipimo cha moja kwa 87, na wengine moja kwa 160. Kwa shule zetu twashauri moja kwa 100, maana hesabu yake ni nyepesi: kila mita 1 ya kweli ni sentimita 1 mezani. Tena kipimo hiki kinatupa bahati njema. Reli ya zamani ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tabora, Kigoma na Mwanza ina upana wa mita 1 kutoka chuma hata chuma. Kwa hiyo mezani upana wake ni sentimita 1 kamili. Reli mpya, ambayo treni zake zilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, ina upana wa milimita 1,435. Mezani ni milimita 14 na kidogo. Wekeni vipande viwili vya reli hizo sambamba, na mtoto wa darasa la nne atatambua mara moja kwa nini behewa la reli moja haliwezi kwenda juu ya reli nyingine.

Kipimo kikiisha kuchaguliwa, kisivunjwe. Mtu mzima wa mita 1.7 awe na urefu wa milimita 17. Mlango wa mita 2 uwe sentimita 2. Wengi hushawishika kutumia kiberiti kitupu kuwa behewa, kwa sababu umbo lake lafanana. Pimeni kwanza. Kiberiti cha kawaida kina upana wa sentimita 3 na nusu hivi; maana yake ni behewa la mita 3 na nusu, na reli ya mita 1 haina behewa pana namna hiyo. Kitu kimoja kikizidi, macho huona kasoro hata kama ulimi haujui kuitaja. Nyumba zote zilizo karibu nacho huonekana kama vibanda vya kuku.

Walakini kuna jambo moja lisilofuata kipimo, nalo ni umbali. Kutoka Bukoba hata Mwanza, kwa mstari ulionyoka juu ya maji, ni zaidi ya kilomita 150. Kwa kipimo chetu tungehitaji meza ya zaidi ya kilomita moja na nusu. Hata kutoka Bukoba mpaka Muleba tu meza ingepita mita 500, ikatoka nje ya kiwanja cha shule. Basi majengo hupimwa, bali umbali huchaguliwa. Mjenzi huchukua mahali patatu panapoeleza safari nzima, akaacha yaliyo katikati, na pembeni mwa meza akaandika kwamba ameacha. Kufupisha si uongo, maadamu mtazamaji ameambiwa.

UBAO NA VILIMA

Fanyeni mbao tatu, kila moja sentimita 60 kwa 60, ili wanafunzi wawili waweze kubeba ubao mmoja. Wa kwanza uwe Mwanza, penye stesheni na gati. Wa pili uwe ziwa. Wa tatu uwe upande wetu. Twaweza kuchagua pwani ya Kemondo, iliyo kati ya Bukoba na Muleba. Kila ubao uwe na fremu ya mbao nyepesi chini yake, usije ukapinda wakati wa mvua.

Vilima hujengwa kama kikapu. Kateni boksi vipande virefu, msuke kwa kuvipitanisha, na kuviegemeza juu ya vigingi vyenye kimo mtakacho. Kisha chovyeni vipande vya gazeti katika uji mzito wa unga wa muhogo, mfunike kikapu hicho mara tatu au nne, na kila mara kiacheni kikauke. Uji huo hupendwa na mende na panya. Kwa hiyo kilima kikikauka, kipakwe rangi upesi pande zote, hata chini.

Hapo ndipo jiografia inapoingia. Mawe ya Mwanza si kama mawe ya kwetu. Kule ni matale: majabali ya duara yaliyopandana juu ya vilima na hata ndani ya maji. Yafanyeni kwa vijiwe halisi, vilivyo vikavu na vikwaruzo. Kwetu magenge yatazamayo ziwa ni ya mawe ya mchanga yaliyolala tabaka juu ya tabaka. Haya hufanywa kwa vipande vya boksi vilivyochanwa kwa mkono, visikatwe kwa wembe, vikabandikwa kimoja juu ya kimoja kama mikate ya chapati. Mtu aliyezaliwa chini ya magenge ya Kamachumu ayatambue asipoambiwa.

NJIA YA RELI

Nyosheni waya kwa kuufunga mti upande mmoja na kuuvuta kwa nguvu upande wa pili. Mataruma yafanywe kwa vijiti vya mwanzi vyenye urefu wa sentimita 2, yakapangwa kwa nafasi ya milimita 7. Chongeni kijiti kimoja chenye upana wa sentimita 1 kamili. Hicho ndicho kipimio. Kila mbandikapo waya, kipitisheni kati ya nyaya mbili. Kikikwama, reli ni nyembamba. Kikicheza, ni pana. Kokoto ni mchanga uliochekechwa kwa kitambaa. Treni yetu haina umeme, husukumwa kwa kidole, na hilo si aibu; kidole huisikia kasoro ya njia mapema kuliko macho.

Jambo la kuangalia sana ni mwinuko. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza, kwa hiyo gari moshi haliwezi kupanda kama mtu apandavyo au kama lori lipandavyo. Mwinuko wa sentimita 1 katika kila sentimita 50 ni mkali kwa treni nzito. Jaribuni sasa kuitoa reli pwani na kuifikisha juu ya genge lenye kimo cha sentimita 20: mtahitaji njia ya mita 10, na ubao wenu una sentimita 60 tu. Wanafunzi wataanza kubuni mizunguko, madaraja na mapito ya kukata mlima. Hata wakishindwa, watakuwa wamejifunza mambo yanayowaumiza vichwa wahandisi wa kweli.

Katika gati kuna fundisho jingine. Ziwani zipo meli zilizoundwa kubeba mabehewa yenyewe, na Umoja, iliyoundwa katika miaka ya 1960, ni mojawapo. Juu ya sitaha yake mna reli, na reli hizo huunganishwa na zile za gati ili behewa lipite bila kushushwa mzigo wake. Meli ya namna hiyo hukaribia urefu wa mita 90, ambao ni mrefu kupita ubao wetu. Basi jengeni ule upande mmoja tu unaopokea mabehewa. Maji hupanda na kushuka, meli huzama kidogo ikipakiwa, lakini reli lazima ziwe sawasawa; ndiyo sababu kati ya gati na meli huwekwa daraja liwezalo kuinuliwa na kuteremshwa. Lifanyeni kwa kipande cha ubao chenye bawaba ya kitambaa, mtaelewa yote.

NYUMBA ZA UKUTA NA BATI

Ili kujua kimo cha jengo msiloweza kulipanda, tumieni kivuli. Simamisheni fimbo ya mita 1 juani. Ikiwa kivuli chake ni sentimita 80, na saa iyo hiyo kivuli cha jengo ni sentimita 480, basi jengo lina kimo cha mita 6. Kwa jengo lililo mbali, kama stesheni ya Mwanza, tumieni picha: mlango wa kawaida una kimo cha mita 2 hivi, nao utakuwa kipimo cha kupimia ukuta mzima.

Kuta zikatwe kwa boksi gumu. Madirisha yakatwe kabla ya kuta kuunganishwa, na kila pembe itiwe kijiti ndani ili isikae upande. Bati hufanywa kwa karatasi nyembamba ya rangi ya fedha, kama ile ya ndani ya pakiti za chai. Ilazeni juu ya kitambaa, mkachore mistari kwa kalamu isiyo na wino, mstari karibu na mstari, kwa kufuata rula. Msipake paa rangi moja tu. Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na bati la kwetu lina alama zake: kutu huanza penye misumari, ikateremka kwa michirizi. Na chini ya ukuta, kiasi cha nusu mita kutoka ardhini, mvua hurusha udongo mwekundu. Mezani hiyo ni nusu sentimita ya rangi ya udongo. Ni kitu kidogo, lakini bila hicho nyumba huonekana kana kwamba imewekwa juu ya nchi, haikujengwa ndani yake.

MSONGE

Sasa twafika kwenye jengo lililo la thamani kuliko yote katika mfano wetu. Nyumba ya asili ya Wahaya ni msonge: nyumba ya duara, iliyochongoka juu, yenye nyasi kutoka kileleni mpaka chini, na ukumbi mdogo mbele ya mlango. Haina ukuta peke yake na paa peke yake. Paa ndilo ukuta. Ndani mna nguzo, jiko, vyumba vilivyotengwa kwa matete, na zamani hata ng'ombe walikuwa na mahali pao.

Kateni duara ya boksi. Ikiwa nyumba mliyoipima ina upana wa mita 9, duara yenu iwe sentimita 9. Simamisheni nguzo za ndani kwanza, kwa kuwa ndizo zichukuazo mzigo. Kisha pangeni fito nyembamba za mafunjo kuzunguka ukingo wa duara, mzipinde zikutane kileleni, na kuzifunga kwa pete za nyuzi za mgomba, pete juu ya pete. Nyasi halisi hazifai kwa kuezekea mfano, maana unyasi mmoja mezani utakuwa mnene kama gogo. Tumieni nyuzi za katani zilizokatwa fupi na kulowekwa katika maji ya chai ili zipoteze weupe. Anzeni kuezeka chini, mkipanda juu, ili kila safu ifunike kichwa cha ile iliyo chini yake. Ndivyo maji yanavyoteleza kutoka safu hata safu bila kupata pa kuingilia.

Nusu ya nyumba iezekeni, na nusu iacheni wazi, mifupa yake ionekane. Hivyo mtazamaji ataona uzuri wake na akili yake pamoja.

Lakini fito ngapi? Pete ngapi? Nguzo zilisimama wapi, na kila moja iliitwaje? Hayo hayamo katika boksi wala katika gundi. Yamo katika vichwa vya wazee. Nendeni kwa babu aliyelala katika msonge utotoni, mumpe shikamoo, mkae chini, mwulize polepole, na mwandike majina yote kwa Kihaya kama atakavyoyataja. Chukueni na mfano wenu ungali haujakamilika, mumwekee mbele yake. Mzee asiyeweza kueleza nyumba kwa maneno, akiuona mfano uliokosewa, atanyosha mkono mwenyewe na kusogeza nguzo mahali pake.

Jambo hili halingojei. Nyumba ya mawe ikianguka huacha gofu, na wajukuu wakaja kulipima. Nyumba ya miti na nyasi ikianguka, kwa misimu michache ya mvua na mchwa hakuna kitu. Mahali pake hupandwa migomba. Misonge iliyosalia kwetu ni michache, na waliojua kuijenga wanapungua kila mwaka. Katika Kijiji cha Makumbusho mjini Dar es Salaam ipo nyumba ya Kihaya iliyojengwa kwa ukubwa wake wa kweli ili watu waione. Ni vema, walakini si kila mtoto wa Muleba atafika Dar es Salaam. Bali mfano wa sentimita 9, ukiwa umepimwa kwa haki, waweza kukaa juu ya kabati ya kila shule, na siku moja fundi akauzidisha kwa 100 na kuijenga nyumba upya.

MIGOMBA, RWEYA NA MAJI

Mgomba wa mita 4 ni sentimita 4. Shina lake ni kijiti kilichoviringishiwa ganda kavu la mgomba wenyewe. Majani saba au manane yakatwe kwa karatasi nyembamba ya kijani, yakunjwe katikati, na kingo zake zichanwe kidogo, kwa kuwa upepo wa ziwa hauachi jani zima. Msipande kwa mistari. Kibanja chetu ni mchanganyiko: migomba, mibuni chini yake, maharage, na miti mirefu michache. Mibuni ifanywe kwa vipande vya dodoki vilivyotiwa rangi. Chini tandazeni maganda ya kahawa yaliyotwangwa, yawe kama matandazo yanayolisha udongo.

Kibanja kikiisha, kisifunike ubao mzima. Nje yake iwe rweya: nyasi fupi, udongo usio na rutuba, rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano. Hiyo yafanywa kwa unga wa mbao uliotiwa rangi na kumwagwa juu ya gundi mbichi. Nchi yetu imetambulikana kwa jambo hili, kwamba vijiji ni kama visiwa vya migomba katikati ya rweya. Na visiwa hivyo ni kazi ya mikono ya wazee wetu, waliotia samadi na nyasi ardhini kizazi baada ya kizazi.

Ziwa lisipakwe buluu kama ya bendera. Anzeni na kijani cheusi penye kina, mkipunguza hadi rangi ya mchanga karibu na pwani, kisha pakeni vanishi mara tano, kila mara ikikauka. Maji yatang'aa, na kilima kitaonekana ndani yake.

NENO LA MWISHO

Kazi hii yaweza kuchukua muhula mzima, wala haidai fedha nyingi. Gawanyeni kazi: wengine wapime, wengine wakate, wengine waende kwa wazee, na mmoja awe mwandishi wa daftari la vipimo. Daftari hilo litunzwe pamoja na mfano, maana boksi litachakaa, lakini tarakimu zilizoandikwa vema zaweza kujenga mfano mwingine. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya kujijaribu:
1. Jengo lina urefu wa mita 24 na upana wa mita 7. Mezani, kwa kipimo cha moja kwa 100, litakuwa na urefu na upana gani?
2. Reli yapanda sentimita 1 kwa kila sentimita 50. Ili kupanda sentimita 3, yahitaji njia ya urefu gani?
3. Kwa nini nyasi huezekwa kuanzia chini?
4. Katika kijiji chenu, ni jengo gani ambalo baada ya miaka 20 halitakuwapo tena? Nani aweza kuwaeleza lilivyojengwa? Nendeni kwake juma hili.